Robo Saa ya Mwisho

Alhamisi, 10 Juni 1954

Jezi nane tayari. Tatu bado kola. Cherehani imeanza tena kuruka nyuzi. Nimeipaka mafuta ya nazi kwa kuwa mengine sina. Mama anasema chumba kinanuka kama jikoni. Na kinuke.

Mwalimu Lukindo wa Koleji alipita saa nne kuuliza nimefika wapi. Ndiye mwalimu wao wa michezo, Msambaa, mrefu, mtu asiye na neno baya. Ila hanitazami usoni tukizungumza. Huitazama cherehani. Nilimwambia kesho jioni zitakuwa zimekwisha. Akaiambia cherehani ahsante.

Jumamosi vijana wa Koleji wanacheza na wageni wa Tanga. Huu mwaka wa tatu nawashonea jezi, na mwaka wa tatu nawatazama. Kaka Athumani hunisindikiza mpaka kwenye kamba ya wanawake, kisha huenda kukaa na wenzake wa forodhani. Yeye anapenda kelele. Mimi napenda mpira.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekasirika. Naandika kabla hasira haijapoa.

Sisi wanawake tunakaa upande wa kaskazini, kwenye mikeka, nyuma ya kamba. Robo saa kabla ya mchezo kwisha, Bi Tatu huinuka na kukung'uta kanga yake. Basi. Sote tunainuka. Tunatoka kwa mlango wa nyuma, tunafuata uchochoro, tunafika makwetu kabla wanaume hawajamwagika njiani. Hapana aliyeandika sheria hiyo. Bi Tatu ni kungwi wa nusu ya wanawake wa mtaa huu, mimi nikiwamo. Akiinuka, unainuka.

Leo aliinuka mabao yakiwa moja kwa moja, na kona ni yetu. Rajabu wa Kiwangwa, senta fowadi wetu, alikwisha simama pale anaposimama siku zote, nyuma ya fulubeki, ameinama kama anayeng'oa mwiba mguuni. Hana mwiba. Ni hila yake, naijua. Watu wa Tanga walikuwa hawaijui. Nilitembea kinyumenyume mpaka nikamkanyaga mtu. Kisha mlango. Kisha ukuta.

Tulipofika kwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, kelele zikapanda. Sikujua ni za kwetu au za wageni. Wenzangu wakaendelea kuzungumza habari za arusi.

Kaka aliporudi nilimngoja mlangoni. Akasema tumeshinda. Nani kafunga? Rajabu. Kafunga vipi?

"Kwa mguu," akasema, akaenda kuoga.

Miaka mitatu. Sijapata hata siku moja kuisikia filimbi ya mwisho nikiwa uwanjani. Ni kama kualikwa karamu, ukaondoshwa pilau linapopakuliwa.

Jumapili, 13 Juni

Nimemwuliza Mama desturi hii imetoka wapi. Akasema ndivyo tulivyoikuta. Nikamwuliza, Bibi naye alikuwa akitoka mapema uwanjani? Akacheka. Bibi hakupata kuuona mpira maishani mwake.

Basi desturi hii ni changa. Huenda nimeizidi umri. Sioni kwa nini niiamkie shikamoo.

Jumatano, 16 Juni

Mzee Kombo amekuja na posa. Ametumwa na Seif wa duka la nguo.

Sikutazamia. Seif amefiwa na mkewe mwaka juzi. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Maskati; yeye amezaliwa hapa hapa na anasema kama sisi. Nyuzi zangu nanunua kwake. Akipima kitambaa, baada ya yadi huongeza upana wa vidole viwili. Kwa kila mtu, hata mgeni. Wala hasemi. Nimeliona hilo siku nyingi.

Mimi nilikwisha olewa mara moja, Saadani, miaka miwili. Sikuzaa, nikarudishwa. Tangu hapo Mama huniangalia kama sufuria iliyotoboka. Leo anapika huku anaimba. Kaka amemwambia Mzee Kombo atapata jibu baada ya mashauri, lakini uso wake ulikwisha jibu.

Nami namtaka. Naandika hapa, kwa kuwa kusema si adabu.

Ijumaa, 25 Juni

Kesho wageni wa Dar es Salaam.

Nimepiga pasi buibui. Nimetia nia. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 26 Juni

Sikuinuka.

Nina haja ya kuliandika kwa utaratibu. Dar walikuwa mbele, mbili kwa moja. Bi Tatu akainuka, akakung'uta kanga. Mikeka ikaanza kukunjwa. Mimi nikabaki nimekaa, mikono magotini. Watu wakaanza kuiruka miguu yangu. Bi Tatu akafika, akasimama mbele yangu, akanizibia mpira.

"Zena, umechoka?"

"Sikuchoka, Bi."

"Basi inuka."

"Nataka kuona mwisho."

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Aliniangalia kidogo tu, akavuta ushungi wake, akaenda. Nikabaki peke yangu upande mzima wa kaskazini, doa jeusi kwenye majani. Nikaona wanaume wa upande wa pili wakinyoosheana vidole. Hawatazami tena mpira. Wananitazama mimi.

Nikatazama mpira. Kwa dakika tano hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bagamoyo.

Kisha Kaka. Alikuja akizunguka uwanja kwa mbio zile za mtu asiyetaka aonekane anakimbia. Akanishika kiwiko. Ningeweza kujing'ang'aniza. Lakini nilimwona midomo inamtetemeka, na watu wote wale wanamtazama. Nikainuka.

Sijui imekwishaje. Sikumwuliza.

Jumapili, 27 Juni

Mtaa mzima unajua. Jirani amekuja kuazima chumvi ambayo anayo.

Kaka hajasema nami tangu jana. Wakati wa chakula akamwambia Mama, si mimi, kwamba yeye anafanya kazi forodhani na watu, na watu wana midomo. Nikamwambia Mama, si yeye, kwamba mimi nilikuwa nimekaa kimya, na aliyemshika dada yake kiwiko mbele ya mji si mimi. Mama akatutazama zamu kwa zamu kama anayetazama mpira. Akasema tule, samaki anapoa.

Sijutii. Nimejichunguza vizuri nione kama najuta. Hapana.

Jumanne, 29 Juni

Mzee Kombo amerudi. Nilidhani amekuja kuiondoa posa. Hakuja kwa hilo. Seif bado anataka. Ila ana ombi. Anaomba nitoe ahadi mbele ya kaka yangu kwamba mpirani nitakwenda nipendapo, lakini nitaondoka na wenzangu wanapoondoka. Mzee Kombo alilisema kwa kulilainisha sana, kama anayemlisha mgonjwa uji. Akasema ni jambo dogo.

Ni dogo, kweli. Robo saa. Basi mbona Seif halisamehi?

Nimeomba nipewe mpaka Ijumaa. Kaka amenitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikuwa ananiomba kwa macho. Hilo ndilo gumu.

Alhamisi, 1 Julai

Nilipita mbele ya duka la Seif leo. Alikuwa anampimia kikongwe mmoja marekani ya sanda. Akaongeza vidole viwili. Nikarudi bila kununua uzi.

Mtu mwema kabisa. Ningekuwa nakataa mtu mwovu ingekuwa rahisi.

Lakini najijua. Nikitoa ahadi hii, kila Jumamosi nitakapoinuka nitakuwa nainuka kwa ajili yake, na kila nitakapofika kwenye lile ghala nitamchukia kidogo. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Sitaki kujaza kibaba cha chuki katika nyumba ya mtu mwema.

Ijumaa, 2 Julai

Nimejibu. Kaka alitaka kujibu yeye. Nikamwomba niseme mwenyewe, nikiwa nyuma ya pazia kama inavyopasa.

Nilisema, "Baba Kombo, mwambie nitampikia, nitamheshimu, nitamwuguza. Ahadi hiyo siwezi kumpa."

Akangoja kama nina la kuongeza. Akavaa viatu vyake, akaenda.

Mama haimbi. Kaka amekwenda kula kwa rafiki yake. Nimeshona vifungo kumi na viwili, vyote vimekaa upande. Nimevikata, nimevishona upya.

Jumatatu, 5 Julai

Leo lazima niandike mengi.

Kuna karatasi imebandikwa penye mlango wa soko. Nilikwenda kununua muhogo, nikakuta wanawake wamesimama mbele yake, na Bi Tatu katikati. Waliponiona wakanipisha. Ni mimi pekee pale niliyesoma skuli. Bi Tatu Kurani anaisoma tangu utotoni, tena kwa sauti nzuri, lakini herufi hizi za Kizungu hazijui. Tangu siku ile alikuwa hajasema nami. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akasema, "Tusomee."

Nikasoma. Tangazo limetoka kwa Mkuu wa Koleji, yule Mwingereza. Kwamba kwa ajili ya utulivu, wanawake wote watatoka uwanjani robo saa kabla ya mchezo kwisha. Kwamba kengele itapigwa. Kwamba atakayekaidi hatapewa ruhusa ya kuingia tena.

Nilisoma kwa aibu. Nilijua mimi ndiye chanzo. Nikangoja aniambie, umefurahi sasa?

Akasema nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza kama jina lake limo. Halimo. Kama limeandikwa kwamba wazee wa mji wameulizwa. Halikuandikwa. Kisha akaniambia nimsindikize kwake.

Njiani ndipo aliponieleza. Zamani mpira ulipoanza kuletwa hapa, nami nikiwa bado mtoto wa kunyonya, siku moja mechi ilikwisha kwa ugomvi. Wanaume wakarushiana mawe mlangoni, umati ukakimbia, na wanawake walikuwa katikati. Mdogo wake, Bi Hadija, alikuwa na mimba ya miezi saba. Walimkanyaga. Mtoto alitoka siku ile ile, amekufa. Tangu hapo Bi Tatu huwatoa wanawake mapema. Hakumwambia mtu sababu, kwa kuwa Bi Hadija alikuwa hai na hakutaka isemwe. Amefariki mwaka jana.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Wewe uliniona mimi ni askari wa wanaume."

Ni kweli. Ndivyo nilivyomwona. Nikaomba radhi. Akasema tuache hayo.

"Robo saa ile niliiweka mimi," akasema. "Nawatoa kwa kuwa nawahurumia. Huyu anatutoa kwa nini? Hajui hata majina yetu."

Akaingia ndani. Nilisahau muhogo sokoni.

Alhamisi, 8 Julai

Mwalimu Lukindo amekuja. Akaizungumzisha cherehani kwa muda. Akasema amesikia wanawake wana maneno. Akasema Jumamosi atasimama yeye na kengele, na kama watu hawatatoka itambidi asimamishe mchezo. Akasema pia, taratibu, kwamba Mkuu ameuliza ni nani anayeshona jezi.

Nilimwambia, "Mwalimu, hilo nalo liseme ukinitazama mimi."

Akanitazama. Ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Akasema, "Dada Zena, mimi natumwa tu."

Nikamwambia akamwambie aliyemtuma kwamba jezi za Jumamosi ziko tayari, zimepigwa pasi, na aliyezishona atakuwa upande wa kaskazini.

Baada ya kuondoka nilikaa. Kazi hiyo ndiyo inayonifanya nisiwe mzigo kwa kaka yangu. Naogopa. Kuogopa si sababu ya kuinuka.

Jumamosi, 10 Julai

Nimerudi sasa hivi. Mama ananiita nile, nimemwomba anisubiri.

Wageni walikuwa wa Morogoro. Wakubwa, wana mbio, wamekula wakashiba. Mapumzikoni walikuwa wametufunga mbili. Baada ya mapumziko, ya tatu. Upande wa wanaume ulianza kutukana, kwanza refa, kisha golikipa wetu, kisha mama yake golikipa.

Upande wetu kimya. Wanawake walikuja wengi kuliko siku zote, hata ambao hawajui mpira una umbo gani. Bi Tatu alikaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Mimi nilijitanda juu ya buibui kanga yangu iliyoandikwa Semeni Mtachoka.

Kengele ikalia.

Bi Tatu akaendelea kusuka. Hapana aliyeinuka. Mwalimu Lukindo akaja na kengele yake mkononi, akainama mbele ya Bi Tatu, akamwamkia. Akamwomba. Akamwomba tena.

"Mwalimu," Bi Tatu akasema, "miaka yote hii nimeinuka bila kuambiwa. Leo nimeambiwa. Miguu imekataa."

Mwalimu akarudi uwanjani. Akasema na refa. Mpira ukasimamishwa.

Wachezaji wamesimama jinsi walivyokuwa, jasho linawatoka. Kisha wanaume wakaanza. Mmoja akapaza sauti tutoke, tumewaharibia mchezo. Mwingine akamjibu, mchezo gani, tatu bila, umekwisha huu. Nikasikia wakicheka. Na ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa sijapata kuliona, kwa kuwa saa ile sisi huwa tumekwisha ondoka. Wanaume wakaanza kuondoka. Mmoja mmoja, kisha makundi. Wakachukua baiskeli zao, wakachukua viti vyao vya kukunja. Walikuwa wamechoka kushindwa na hawakutaka kuona zaidi. Kwao wao hapana aliyepiga kengele. Nikamtafuta Kaka kwa macho, nikaona mgongo wake ukipita mlangoni pamoja na wenzake.

Mkuu wa Koleji alikuwa kwenye kiti chake upande wa magharibi. Akatazama saa. Akatutazama sisi. Nadhani aliona kwamba hakuna tena umati wa kutulinda nao. Akavaa kofia, akaondoka naye.

Mwalimu Lukindo akabaki na kengele. Akaiweka chini kwenye majani. Refa akapuliza filimbi, mpira ukaendelea.

Na tukafunga. Naandika jinsi ilivyokuwa ili nisisahau. Winga wetu wa kulia aliukata mpira chini chini. Rajabu alikuwa nyuma ya fulubeki, ameinama, mwiba wake ule. Mpira ulipofika hakuupiga. Aliuacha upite katikati ya miguu yake, fulubeki akaingia njia isiyo yake, Rajabu akageuka akaufuata, akaupiga kwa upande wa nje wa mguu. Golikipa aliugusa. Niliona vidole vyake vikipinda. Ukagonga mlingoti, ukaingia taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Sisi tukapiga vigelegele. Vigelegele tu, uwanja mzima, hakuna sauti ya mwanamume. Wachezaji wa Morogoro waligeuka kutazama.

Baada ya hapo tulikuwa juu yao mpaka mwisho. Hatukupata lingine. Tatu kwa moja.

Filimbi ya mwisho ni ndefu kuliko nyingine. Nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui pia kwamba wakiisikia huacha kukimbia mara moja, pale pale walipo, kama watu walioamshwa. Wawili walilala chali. Walioumizana wakapeana mikono. Golikipa wetu alilia mbele ya watu wala hakujificha, na fulubeki wa Morogoro, jitu zima, akaenda kumshika bega. Kaka hajapata kunisimulia hayo. Labda hakupata kuyatazama.

Tulitoka kwa mlango mkubwa. Njia ilikuwa tupu. Bi Tatu alitembea katikati, ukili begani.

Jumapili, 11 Julai

Kaka amenikuta uani nafua. Akasimama. Akasema walikuwa wamefika kwenye ghala la mbata waliposikia vigelegele. Akauliza nani kafunga. Nikasema Rajabu. Akauliza kafunga vipi.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, maneno mawili tu. Nikamtazama. Alikuwa anataka kujua kweli. Nikafuta mikono, nikamwonyesha kwa mguu wangu pale kwenye mchanga, Rajabu hapa, fulubeki huku. Akaniambia nirudie pale alipouacha upite.

Jumatatu, 12 Julai

Mwalimu Lukindo amekuja kuchukua vitambaa vilivyobaki. Jezi sasa zitashonwa Dar. Alisema akinitazama mimi. Akaomba radhi. Nikamhesabia vipande vyote, hata mabaki.

Tangazo bado liko sokoni. Mvua haijanyesha, hakuna wa kulitoa. Watu wanapita.

Nimepata kazi ya kanzu mbili na gauni la mtoto. Si nyingi. Nitatafuta.

Ijumaa, 16 Julai

Seif amechumbia Pangani. Mama ameisikia kisimani, akanieleza akiwa amenipa mgongo, anachambua mchele.

Nimeumia. Silifichi hapa. Kulikuwa na sehemu yangu iliyodhani atakuja mwenyewe aseme, basi, kaa mpaka mwisho. Hakuja. Ana haki yake. Mimi nilikuwa na yangu.

Nilikwenda kununua uzi kwake, kwa kuwa hakuna duka jingine lenye uzi mzuri na sitaki kuanza kupita vichochoro. Akanipimia pia lasi yadi moja. Mikono yake ilikuwa mizito. Tukaagana vizuri.

Jumamosi, 24 Julai

Mechi ya leo ni na watoto wa skuli ya hapa, ya kirafiki. Mlangoni hapana aliyetuzuia, wala hakukuwa na kengele. Hapana aliyetueleza kwa nini.

Ilipofika robo saa ya mwisho Bi Tatu aliinuka. Nilishtuka. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwenye mimba, mwenye mtoto mgongoni, na anayeogopa umati afuatane naye. Mwenye kutaka kukaa akae, ila akae karibu na mlango na atoke baada ya watu kupungua. Akaenda na karibu nusu. Sisi tukabaki kumi na wanne. Nimewahesabu kwa kuwa siku ile ya kwanza nilikuwa mmoja.

Kaka alikuja kusimama karibu na kamba yetu, ametupa mgongo, mikono nyuma. Rafiki yake mmoja alimwita, naye akamfanyia ishara kwamba yuko sawa hapo.

Tulishinda nne kwa mbili. Mchezo haukuwa mzuri. Nilikaa mpaka walipong'oa milingoti.

Jumanne, 27 Julai

Leo kuna baridi ya kusi. Nimeshona tangu asubuhi.

Baada ya adhuhuri Bi Tatu alikuja, amebeba kibao cha mjukuu wake na chaki imefungwa kwenye ncha ya kanga. Aliuliza hali ya Mama, ya Kaka, ya cherehani. Akanywa chai. Kisha akaweka kibao magotini, akasema hataki tena kusimama mbele ya karatasi akingoja mdomo wa mtu mwingine.

Nilimwonyesha jina lake. Alishangaa kwamba wazungu huanzia kushoto. Akasema watakuwa na sababu zao. Mama alikuja kuketi nasi na ungo wake, akawa anatazama.

Aliandika herufi ya kwanza mara tatu. Akakishika kibao mbali, akazitazama moja moja. Mbili akazifuta kwa kidole. Moja akaiacha.